Jembe la Siku ya Tatu

Mnamo tarehe 11 Juni 1857, Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi kutoka Denmark, aliwasili katika nyumba ya Charles Dickens iitwayo Gad's Hill Place, karibu na mji wa Rochester katika jimbo la Kent, Uingereza. Alikuwa amekwisha kuandika kwamba angekaa wiki moja, au mbili zikizidi. Aliondoka tarehe 15 Julai. Mwenye nyumba alipokwisha kumsindikiza, alichukua kikaratasi akakibandika kwenye kioo cha chumba cha wageni, na juu yake akaandika kuwa Hans Andersen alilala chumbani humo kwa wiki tano, na kwamba wiki hizo kwa watu wa nyumba zilikuwa kama dahari.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na wanaoandika maisha ya watunzi hao wawili, na aghalabu husimuliwa kwa kuchekesha. Anayechekwa daima ni mgeni: mrefu, mwembamba, mwenye pua kubwa, asiyejua Kiingereza wala asiyejua kuondoka. Lakini ndani ya kichekesho hicho limo swali ambalo si jepesi, nalo hukutana na kila nyumba yenye mlango. Mgeni akizidisha siku zake, ni nani aliyekosa: yule aliyekaa, au yule aliyemwambia akae? Na mwenyeji anayetabasamu ilhali moyo wake umechoka, je, huyo anautimiza ukarimu, au anadanganya?

Watu hawa hawakuwa wageni kabisa wao kwa wao. Walionana mara ya kwanza mwaka 1847, Andersen alipozuru London, na siku ya kuondoka kwake Dickens alifunga safari hadi bandari ya Ramsgate ili amuage. Kwa Andersen, mtu aliyekuja gatini kwa ajili yake alikuwa amefunga naye udugu. Tena walikuwa na jambo lililowaunganisha hata kabla ya kujuana. Andersen alikuwa mtoto wa mshona viatu na mfua nguo wa mji wa Odense. Dickens, akiwa na umri wa miaka 12, alitiwa kazini katika kiwanda cha rangi ya viatu wakati baba yake amefungwa gerezani kwa sababu ya madeni. Wote wawili walizijua nyumba za wenye nacho kwa kuzitazama kutoka nje. Hata hiyo Gad's Hill yenyewe Dickens aliiona kwanza akiwa mtoto, akipita njiani na baba yake, ambaye alimwambia kwamba akijitahidi sana huenda siku moja akaimiliki. Aliinunua mwaka 1856. Kwa hivyo kiangazi kile cha 1857 mwenyeji naye alikuwa mgeni katika nyumba yake mpya, ana furaha ya mtu anayetaka ionekane.

Mwaliko wake ulikuwa wa mtu wa namna hiyo. Katika barua yake alimwahidi Andersen chumba kizuri chenye mandhari ya kupendeza, na akamweleza kwamba atakuwa amekwisha kuimaliza riwaya yake ndefu, Little Dorrit, na hivyo atakuwa na nafasi. Andersen alijibu kwamba anakuja kwa ajili yake yeye tu.

Siku za mwanzo zilikwenda kama zinavyokwenda siku za mwanzo. Nyumba ilikuwa na watoto wa kila umri, kuanzia Charley aliyekuwa na miaka 20 hadi Edward aliyekuwa na miaka mitano. Palikuwa na matembezi ya mashambani, ngano ikianza kugeuka rangi. Palikuwa na mlima mdogo wa kupanda na mto Medway wa kutazama kwa mbali. Palikuwa na majani ya bustanini ya kulalia baada ya chakula. Mgeni alikuwa na mambo yake mawili ya kupitishia wakati. La kwanza ni mkasi na karatasi. Andersen alikuwa bingwa wa kukata picha kwa mkasi: huikunja karatasi, huzungumza, na huku mkono wake unakwenda, kisha huikunjua, ikawa wachezaji wa ngoma, makasri, bata maji, watu walioshikana mikono. La pili ni maua. Alikuwa akiyachuma na kuyasuka mataji. Husimuliwa kwamba siku moja alilizungushia taji la maua kofia ya Wilkie Collins, mwandishi aliyekuwa naye akikaribishwa hapo, bila ya mwenyewe kujua. Collins akapita nayo kijijini, na watu wakapata cha kuchekea.

Palikuwa pia na safari. Alikwenda Crystal Palace kusikiliza Messiah ya Handel ikiimbwa na waimbaji wapatao 2,000 chini ya paa lile kubwa la vioo. Alilala London katika nyumba ya Bi Burdett-Coutts, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi ile, na kwa kuwaogopa watumishi wenye mavazi ya fahari alimwendea bibi mwenyewe kumwomba mito ya kulalia. Safari nyingine alipanda gari la kukodi, dereva akapita njia asiyoizoea, naye akaamini kuwa anakwenda kuibiwa: akavitia ndani ya viatu vyake fedha, saa, mkasi, barua na kila alichokuwa nacho cha thamani, akateremka miguu imemvimba kwa mizigo. Dickens ndiye aliyeyaandika haya kwa marafiki zake. Aliyaandika vizuri, kwani huyo hakuwa na uwezo wa kuandika vibaya. Lakini msomaji atakumbuka kwamba aliyaandika wakati mgeni angali yumo ndani ya nyumba.

Shida kubwa ilikuwa lugha. Mtu ambaye kwao kila sebule ilinyamaza alipofungua mdomo, huku aliufungua nyumba ikatazamana. Dickens aliandika kwa mzaha kwamba Andersen hajui Kifaransa wala Kiingereza, na kwamba hata mfasiri wake anasema Kidenmark nacho hakijui. Mzaha huo ni mkali, lakini una neno ndani yake. Mgeni asiye na kitu huilipa nyumba kwa maneno: habari za safari, salamu, hadithi za baada ya chakula cha usiku. Andersen, ambaye hadithi zake zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka ya Ulaya, alinyang'anywa na lugha sarafu pekee aliyokuwa nayo. Mkasi na maua vilikuwa malipo yake. Ni rahisi kumcheka mtu wa miaka 52 anayesuka taji la maua uwanjani. Ni vigumu zaidi kukumbuka kwamba huenda alikuwa anatafuta kitu cha kutoa.

Yapo mawili ambayo nyumba haikuyasahau. Asubuhi moja alipata tahakiki mbaya ya riwaya yake mpya, akajitupa majanini kifudifudi akalia kama aliyefiwa. Catherine, mke wa Dickens, alimtuliza kwa upole. Dickens naye, kwa mujibu wa Andersen mwenyewe, alimwambia asisome kamwe magazeti yanasema nini juu yake. Kisha akaandika kwa mguu wake mchangani, akasema hiyo ndiyo tahakiki, akapangusa kwa mguu ule ule, akasema ndiyo imekwisha. Hakuna kitendo kizuri zaidi ya hicho katika wiki zote tano. Na aliyekitenda ni yule yule aliyekuwa akiandika barua za dhihaka. Anayetaka kumhukumu Dickens itambidi ayatie yote mawili katika mizani.

La pili ni la ndevu. Husimuliwa kwamba Andersen alitaka mmoja wa vijana wa nyumba amnyoe kila asubuhi, akieleza kuwa hiyo ni ada ya kwao kwa mgeni wa kiume. Vijana waliona wametukanwa. Ikapatikana njia ya kumpeleka kwa kinyozi wa Rochester. Mtu akilitazama jambo hili kutoka Kent, huona kiburi cha ajabu. Akilitazama kutoka Denmark, huona jambo jingine. Andersen hakuwa na nyumba yake. Miaka yake mingi aliipitisha katika majumba ya makabaila wa nchi yake, ambako mgeni hukaa wiki kadhaa, hupewa chumba na mtumishi, na huhesabiwa kuwa fahari ya nyumba. Huko kuondoka mapema ndiko kulikokuwa utovu wa adabu. Alikuja Gad's Hill na sheria za mahali pengine mfukoni, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa hapa sheria ni nyingine.

Hapo ndipo palipo na fundo la mambo. Waswahili wanaujua ugumu huo, kwani lugha yao ina neno karibu, nalo lina maana nyingi kuliko herufi zake. Ipo karibu ya mlangoni, nayo ni wajibu. Ipo karibu ya mtu anayekula barazani akimwona mpita njia, na mpita njia aliyelelewa vyema hujibu kwamba ameshiba, hata akiwa hajatia kitu kinywani tangu alfajiri. Ipo karibu ya kuagana, anaposimama mgeni na mwenyeji akasema, "Mbona mapema?" Mzaliwa wa mahali huzipambanua zote kwa sauti, kwa macho, kwa jinsi mtu alivyokaa. Mgeni wa lugha hupata maneno matupu, naye huyaamini. Maneno kama hayo Dickens aliyatamka. Andersen aliandika katika shajara yake kwamba alipotaka kuondoka mwenyeji wake alimsihi asiende kabla ya kuiona tamthilia waliyokuwa wakiitayarisha. Tamthilia yenyewe, The Frozen Deep ya Wilkie Collins, ilichezwa mbele ya Malkia Victoria tarehe 4 Julai, Dickens akiwa mchezaji mkuu, na Andersen alikuwemo miongoni mwa watazamaji, akilia. Kwa hivyo zile wiki mbili za ahadi hazikuvunjwa na mgeni peke yake. Aliambiwa akae, akakaa. Kosa lake, kama ni kosa, ni kuamini neno la mwenye nyumba.

Methali ya pwani husema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lipo pia lile shairi mashuhuri linalozihesabu siku za mgeni moja moja, na kadiri zinavyozidi ndivyo heshima inavyopungua, hata mwisho ikawa ni kumfukuza. Kwa sababu ya shairi hilo wengi hufahamu kwamba jembe nalo ni namna ya kufukuza. Methali yenyewe haisemi hivyo. Anayefukuzwa hapewi jembe. Hupewa mzigo wake. Anayeondoka kwa wema hupewa masurufu ya njiani. Jembe hupewa mtu ambaye atakuwapo mazao yatakapoiva. Kwa maana hii siku ya tatu ndiyo siku ambayo ugeni unakwisha bila ya kukaa kukoma: mtu anatolewa ukumbini anaingizwa shambani. Na akishakuwa shambani anaweza kuambiwa. Anaweza kuambiwa kwamba anakata miche, kwamba amechelewa kuamka, kwamba hapa vijana hawawanyoi watu wazima. Mgeni wa ukumbini haambiwi. Heshima anayopewa ndiyo ukuta unaomzuia kujua amekosa wapi.

Dini nayo imeweka mpaka. Katika hadithi iliyo mashuhuri, Mtume (S.A.W.) amesema kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa kwa mwenyeji wake hata akamtia katika dhiki. Ajabu ya mafunzo hayo ni kuwa mzigo wa kujua umewekwa juu ya mgeni. Ni yeye atakiwaye kuiona dhiki ya mwenyeji kabla haijasemwa, kwa sababu mwenyeji amefungwa mdomo na ukarimu wake mwenyewe. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alilifikia jambo lililo jirani na hilo kwa njia nyingine: mgeni, alisema, ana haki ya kuzuru na kutotendewa kama adui, lakini hana haki ya kukaa, kukaa kunahitaji mapatano mahsusi. Kant alikuwa akisema juu ya mataifa na wasafiri, si juu ya vyumba vya kulala. Hata hivyo neno mapatano linafaa kuokotwa. Gad's Hill kulikuwa na mwaliko, kulikuwa na mapenzi, kulikuwa na adabu, mapatano hayakuwako.

Itasemwa: angepewaje jembe mtu kama Andersen? Mtu aliyelia siku nzima kwa neno la mhakiki asiyemjua, angefanyaje kwa neno la rafiki? Hoja hii ina nguvu. Ukweli una vipimo vyake, na si kila mdomo una haki ya kuumimina kwenye kila sikio. Mtu anayemchukulia mgeni dhaifu kwa siku zote hizo bila ya kumwonesha uso mbaya amefanya jambo lenye thamani, hata kama usiku aliandika barua za kumcheka. Tena nyumba ilikuwa na mizigo. Rafiki yao Douglas Jerrold alikuwa amefariki tarehe 8 Juni, siku tatu kabla ya mgeni kufika, na Dickens alikuwa mbioni kukusanya fedha kwa ajili ya mjane. Walter, kijana wa miaka 16, alikuwa akitayarishwa kupelekwa India, wakati ambapo habari za maasi ya huko zinaanza kufika. Aliondoka Julai ile ile, na mwaka 1863 akafia Calcutta bila ya kurudi kwao. Na chini ya yote hayo ndoa ya Dickens na Catherine ilikuwa inavunjika. Mwaka uliofuata walitengana. Mwenyeji aliyebeba haya na bado akapata nafasi ya kuandika mchangani kwa mguu hawezi kuitwa mnafiki kwa urahisi.

Lakini hoja hiyo ina upande ambao huachwa gizani. Siku nyingi za ugeni ule Dickens hakuwapo nyumbani. Alikuwa London, kwenye mazoezi ya jukwaani. Waliobaki na mgeni, wakamsikiliza Kiingereza chake, wakamlia pole kwa tahakiki yake na kumtafutia njia ya kwenda kwa kinyozi, ni Catherine, dada yake Georgina, na mabinti Mary na Kate. Shajara ya Andersen inasema wazi kwamba Dickens na mkewe walikuwa wema kwake, ila mabinti na mama yao mdogo walikuwa baridi. Na hata Edward mdogo, wa miaka mitano, alimwambia kuwa atamtupa nje kwa dirishani. Kate, alipokuwa mtu mzima, alimkumbuka kama mtu wa mifupa mitupu mwenye kuchosha, asiyekwisha kukaa. Hili si jambo la Kent tu. Katika nyumba nyingi anayesema karibu si anayepika, wala si anayetandika. Ukarimu wa baba wa nyumba hukopwa kutoka katika mikono ya wengine, na sifa zikija hulipwa yeye. Ukitaka kujua kama nyumba imemchoka mgeni, usitazame uso wa aliyemwalika. Tazama wanaoosha vyombo. Andersen, kwa kutojua lugha, aliyatazama macho, na macho ya mabinti aliyasoma sawasawa. Akachagua kuamini maneno ya baba yao. Si mgeni wa kwanza kuchagua hivyo.

Basi tabasamu lile la siku 34 linaweza kusamehewa, na pengine kusifiwa. Lisilosameheka kwa wepesi ni lililofuata. Dickens mwenyewe alimpeleka Andersen kwa gari hadi Maidstone kupanda treni. Mwanzoni mwa Septemba alimwandikia barua nzuri, akimweleza kwamba mashamba yaliyokuwa ya dhahabu alipokuwapo sasa yamelimwa yamekuwa ya udongo, na kwamba mvua inanyesha. Kisha akanyamaza. Andersen aliandika tena, na tena. Akatuma vitabu, akawapa wasafiri barua za kuwatambulisha. Urafiki wa miaka kumi ulizimwa bila ya neno, na yule aliyezimiwa hakuambiwa hata kwamba taa imezimwa.

Tofauti kati ya mambo hayo mawili haihitaji falsafa kubwa. Mgeni alipokuwa ndani, kumficha uchovu kulimfaa mgeni: kulimwepusha na aibu, mbali na kwao, kati ya watu asiojua kusema nao. Alipokwisha kuondoka, kunyamaza kulimfaa mwenyeji peke yake. Kulimwepusha na dakika kumi za kuandika barua ngumu. Adabu ni ile ile kwa sura, lakini faida imehama upande. Na mtu akitaka kuijua adabu ya kweli na ile ya uvivu, aulize inamstarehesha nani.

Andersen hakujua chochote. Mwaka 1860 alichapisha kwao maelezo ya kiangazi kile, akisimulia nyumba yenye furaha, mke mpole, watoto wachangamfu, mwenyeji mkunjufu. Wakati huo Catherine alikuwa amekwisha kutolewa katika nyumba hiyo kwa miaka miwili, na watoto, ila mkubwa wao, walikuwa kwa baba yao na kwa Georgina. Hakuandika kwa ubaya. Alieleza alichooneshwa. Mwenye nyumba aliyemfungia mgeni wake mlango wa undani hana haki ya kulalamika kwamba mgeni huyo ameusifu mlango. Hata hivyo ni vigumu kutomfikiria Catherine, aliyemtuliza mgeni akilia majanini, akikutana na maelezo kama hayo mahali fulani, yeye peke yake akijua siku zile zilikuwa siku gani.

Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870. Andersen alipoisoma habari hiyo gazetini aliandika katika shajara yake kwamba sasa hawataonana tena duniani, wala hatapata kuelezwa kwa nini barua zake za mwisho hazikujibiwa. Miaka 13 alikuwa akilibeba swali hilo.

Yeye mwenyewe aliendelea kuwa mgeni wa watu. Mwaka 1866, akiwa na umri wa miaka 61, ndipo alipolazimika kwa mara ya kwanza kununua fanicha zake mwenyewe, kitanda kikiwemo, na kitanda hicho kilimtia hofu, kana kwamba amejinunulia jeneza. Ugonjwa ulipomzidi alichukuliwa na familia ya Melchior, wafanyabiashara wa Copenhagen, katika nyumba yao ya nje ya mji iitwayo Rolighed. Mkono wake uliposhindwa kushika kalamu, Bi Dorothea Melchior alimwandikia shajara, yeye akitamka. Alifariki humo tarehe 4 Agosti 1875, katika chumba cha wageni.